Mtihani wa Mtu Aliye Peke Yake Jikoni

Mhadhara kwa wapishi, wachinjaji na wasindikaji wa Kamsamba, Wilaya ya Momba



Nimeombwa nizungumze juu ya mtihani. Najua neno hilo lina uzito wa namna yake masikioni mwa watu wazima, kwa kuwa wengi wetu tuliagana na madawati zamani na hatukutazamia kuyarudia. Lakini zama zimegeuka, na mtu aliyepika umri wake wote bila kuulizwa amejifunzia wapi, leo huulizwa cheti. Miongoni mwenu wako watakaopimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa fani ya upishi; wako wanaosaga unga na kukamua mafuta, ambao watapita katika mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kabla hawajaiomba TBS, shirika la viwango, alama ya ubora; na wako vijana wenye azma ya kupata kazi katika mahoteli ya Tunduma, au mbali zaidi, Maskati na Dubai, ambako mwajiri hupenda kuona karatasi kabla ya kuonja mchuzi. Mtihani wao si mmoja, wala mtahini wao si mmoja, lakini jambo linaloulizwa ni lile lile: je, chakula kinachotoka mikononi mwako kinaweza kuliwa na mtoto wa mtu bila kumdhuru?

Katika mitihani hii kuna uongo wa namna mbili. Uongo wa kwanza unajulikana: kununua maswali usiku wa kuamkia siku yenyewe, kuangalizia karatasi ya jirani, kumtuma ndugu akalie kiti chako. Huo sitautilia maneno mengi, kwa sababu hakuna asiyejua kwamba ni wizi, hata yule anayeufanya. Uongo wa pili ndio ulionileta hapa, nao ni ule wa mtahiniwa ambaye hakuiba swali hata moja, ambaye alikesha akisoma, akaandika majibu yote sahihi kwa mwandiko mzuri, ilhali moyoni mwake alikwisha kuazimia kwamba kesho yake atapika vilevile kama alivyopika jana. Mtu huyo mbele ya msahihishaji amefaulu kwa haki. Nami nathubutu kusema kwamba amedanganya. Mtihani wa hesabu humwuliza mtu kama anajua, lakini mtihani wa usalama wa chakula, japo umevikwa sura ile ile ya swali na jibu, kwa hakika humwuliza kama atatenda, tena atende wakati hakuna amwonaye, maji yamekwisha ndooni, na wateja wamekwisha kukaa benchini wakigonga meza.

Tuanze na wali, maana kusema habari za chakula hapa Kamsamba bila kuanza na wali ni utovu wa adabu. Mpunga wa bonde hili la Rukwa husafiri mbali kuliko wengi wetu: mwingine huvuka daraja la mto Momba, lile lililofunguliwa mwaka 2019, ukaenda upande wa Rukwa, mwingine hupanda milima hadi Tunduma na kutokomea huko ng'ambo ya mpaka. Basi mchele huo mzuri, kama nafaka nyingine zitokazo udongoni, hubeba bakteria ambaye wataalamu humwita Bacillus cereus, na bakteria huyu ana hila ya ajabu, ya kwamba hali ikiwa ngumu hujifunika gamba na kulala, na gamba hilo hustahimili maji yachemkayo. Kwa hiyo wali ulioiva barabara, mweupe, unaonukia, bado una wale waliolala ndani yake. Ukiepuliwa ukaliwa ungali moto, hauna neno. Lakini ukiachwa sufuriani tangu saa tano ya asubuhi hata saa kumi ya alasiri, katika joto hili ambalo watu wa Tunduma wakiteremka huku huvua makoti yao kabla hawajafika, wale waliolala huamka, huzaana kwa kasi, na wako miongoni mwao wanaoacha katika wali sumu ambayo moto wa pili hauiondoi.

Hapo ndipo napenda tutue kidogo. Ukimwuliza mpishi yeyote jinsi ya kukifanya kiporo kiwe salama, atakujibu mara moja: kipashe moto sana. Jibu hilo lina heshima ya bibi zetu nyuma yake, na kwa vimelea wengi ni jibu jema; lakini kwa sumu hii halifai kitu, kwa kuwa kinachomdhuru mlaji si tena kiumbe hai kinachoweza kuuawa, bali ni kile alichokiacha. Mtahiniwa aliyekariri ya kwamba moto huua vijidudu ataanguka katika swali hili, naye atalalamika kuwa ni swali la mtego. Mtahiniwa aliyefahamu tofauti ya mdudu na sumu yake atalijibu bila kuhangaika, na zaidi ya hayo atakuwa amekwisha kulijibu swali jingine ambalo hakulisoma popote, kama nitakavyoonyesha.

Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama zilizotolewa mwaka 2001, lilisema kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kinachongoja kuliwa kiwe na joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Na kinachowekwa baridi kiwe chini ya nyuzi 5. Hayo ndiyo yatakayokuwamo katika madaftari ya wengi wenu. Lakini kijana atakayeufanya mtihani wa Kimarekani uitwao ServSafe, ambao wapishi wetu walioko Marekani wanaufahamu sana, atakuta mpaka wa juu ni nyuzi 57 wala si 60, tena ataambiwa kwamba chakula cha moto kinachopozwa kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 katika muda wa saa mbili, kisha kifike nyuzi 5 katika saa nne zinazofuata. Aliyekariri atashikwa na fadhaa, akidhani mmojawapo amekosea. Hakuna aliyekosea. Bakteria hawana mlango unaofungwa kwa nyuzi fulani. Kadiri joto linavyopanda kupita lile la mwili wa binadamu ndivyo wengi wao wanavyozidi kushindwa kuzaana, na kila mamlaka imechora mstari wake mahali ilipoona pana amani ya kutosha. Mwenye kuijua sababu hubadilisha nambari kwa kufuata mtihani anaoukalia, na mkono wake jikoni haubadiliki.

Sasa nitaje swali ambalo, kwa maoni yangu, hutenganisha mkweli na mwongo kuliko mengine yote. Karatasi huuliza: wali uliobaki uhifadhiwe wapi? Na watahiniwa wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, huandika: katika jokofu. Ni jibu sahihi, na litapewa alama. Lakini je, aliyeandika ana jokofu? Na kama analo, umeme ukikatika tangu adhuhuri hadi usiku hufanyaje? Mama lishe anayepika kwa mkaa chini ya turubai, aliyeandika neno jokofu kwa sababu kitabu kimeandika hivyo, hakujiandaa kwa mtihani wake; amejiandaa kwa mtihani wa mtu mwingine, mwenye hoteli ya ghorofa. Maandalizi ya kweli yangemfanya ajiulize swali hilo akiwa mbele ya sufuria lake mwenyewe, na hapo angeligundua jibu ambalo nalo ni la kitaalamu kabisa: nipike kidogo kidogo, mara mbili kwa siku badala ya mara moja, nikiache chungu juu ya makaa kikifuka mvuke hadi mteja wa mwisho, au chakula nikitie katika hotpoti kikiwa cha moto kweli, na kilichobaki baada ya hapo nisikiuze, japo moyo waniuma. Hilo neno la mwisho ndilo zito, kwa kuwa linagharimu fedha. Nami sioni haya kusema kwamba sehemu kubwa ya elimu hii ya usalama wa chakula ni hesabu ya hasara: mtu aamue mapema, kabla hajajaribiwa, ni kiasi gani cha chakula yuko radhi kukitupa.

Niliahidi kuonyesha jinsi fahamu moja inavyozaa nyingine. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 miongoni mwao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ambayo ukungu huitoa katika nafaka na karanga zisizokaushwa sawasawa au zilizohifadhiwa penye unyevu. Miaka 12 kabla ya hapo jirani zetu wa Kenya, katika wilaya za mashariki kama vile Makueni na Kitui, walipata msiba mkubwa zaidi, wagonjwa 317 na waliokufa 125. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya maikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja ya mahindi, kiasi kidogo mno ambacho jicho halikioni wala ulimi hauonji. Basi karatasi ikiuliza kama ugali uliosongwa juu ya moto mkali huwa salama na sumukuvu, yule aliyeufahamu wali hatakuwa na haja ya kukariri tena: atajua kwamba hapa pia kinachodhuru ni sumu, wala si kiumbe, na kwamba dawa yake haiko jikoni bali iko uwanjani, katika turubai la kuanikia badala ya udongo mtupu, na ghalani, katika chaga zinazoyainua magunia yasiguse sakafu. Wenye mashine mlioko hapa mnaelewa ninachosema. Mteja akileta mahindi yaliyofanya ukungu, huyasaga nani?

Swali la nguruwe ni gumu zaidi, na katika mkoa wetu huu wa Songwe halipaswi kupitwa haraka, kwa maana wilaya jirani ya Mbozi ni mojawapo ya mahali katika nchi hii ambapo wataalamu wamemchunguza sana tegu wa nguruwe na wamemkuta. Watu wengi hufikiri habari yake inakwisha kwa kusema: nyama ya nguruwe ipikwe ikaive. Hiyo ni nusu ya habari. Alaye nyama yenye vifuko vya mabuu, isiyoiva, hupata tegu tumboni mwake, naye anaweza kukaa naye muda mrefu bila kuhisi jambo kubwa. Lakini mayai ya tegu huyo hutoka pamoja na choo, na mtu huyo akiwa mpishi, asiponawa mikono yake sawasawa, anaweza kuyalisha kwa watu wengine. Na mayai hayo yakimezwa na binadamu, mabuu yake huweza kwenda kufanya makao katika ubongo, yakaleta kifafa. Tazameni basi ajabu ya jambo hili: mtu asiyeonja nguruwe maisha yake yote, kwa sababu ya dini au kwa sababu ya kutompenda, anaweza kuugua maradhi yatokanayo na tegu wa nguruwe, kwa njia ya kachumbari iliyokatwa na mikono michafu. Ni jamaa wangapi wamepelekwa kwa waganga wakidhaniwa wamerogwa? Kunawa mikono kwa sabuni na maji yatiririkayo, jambo ambalo kila mtahiniwa huliandika kwa kudharau kwa kuwa analiona jepesi, ndilo linalosimama baina ya mpishi huyo na mteja wake. Ndoo yenye koki na kipande cha sabuni vinatosha. Lakini viwepo, vitumike, na sabuni isiwe ile inayotolewa kabatini siku afisa afya anapopita.

Kwa kuwa nimemtaja afisa afya, nifike kwenye jambo ambalo baadhi yenu mnalingoja na wengine mnaomba nilisahau, nalo ni kupima afya. Desturi ya kisheria katika nchi yetu, kama ilivyo Kenya, ni kwamba anayeshika chakula cha watu apimwe kila baada ya miezi sita. Upimaji huo ni sehemu ya mtihani, tena ni sehemu isiyohitaji kusoma hata ukurasa mmoja. Na cha kustaajabisha ni kwamba hiyo ndiyo sehemu ambayo watu hujaribiwa zaidi kuighushi, kwa kupata kadi iliyogongwa mhuri bila ya kutoa choo wala damu.

Kwa nini mtu apimwe ilhali hajisikii mgonjwa? Katika nchi ya Marekani alikuwako mpishi, mwanamke mhamiaji kutoka Ireland, jina lake Mary Mallon. Mwaka 1906 watu sita kati ya 11 waliokuwamo katika nyumba aliyopika, huko Oyster Bay, walishikwa na homa ya matumbo, na mchunguzi aitwaye George Soper akafuatilia nyendo zake hadi akathibitisha kwamba mwanamke huyu, mzima wa afya, asiye na homa wala udhaifu, alikuwa amebeba vimelea vya maradhi hayo mwilini mwake. Alitengwa kisiwani tangu mwaka 1907, akaachiwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kuwa hatapika tena. Mwaka 1915 maradhi yalizuka katika hospitali moja ya wazazi mjini New York, wakaugua watu 25 na kufa wawili, na walipochunguza wakamkuta Mary jikoni, akijiita Mary Brown. Alirudishwa kisiwani akakaa huko hata akafa mwaka 1938.

Wasimuliaji wengi wa kisa hiki humlaani mwanamke yule na kuishia hapo. Mimi naona hukumu hiyo ni nusu. Ni kweli alivunja ahadi, na ni kweli watu walikufa. Lakini upishi ndio uliokuwa riziki yake, ufuaji wa nguo aliouendea baada ya kuachiwa ulilipa kidogo kuliko upishi, na siku zile hapakuwa na dawa ya kumponya. Sheria inayomnyang'anya mtu mwiko bila ya kumwonyesha njia nyingine ya kula, humfundisha kubadili jina. Sisi tuna heri kuliko watu wa zama zile, kwa maana homa ya matumbo ina dawa, tegu ana dawa, na mpishi anayekutwa na maradhi leo anaweza kutibiwa akarudi jikoni. Kwa hiyo nawaomba wenye magenge na wenye mahoteli: mfanyakazi akikutwa na maradhi, mwekeeni nafasi yake mpaka apone. Mkimfukuza, wenzake wote watajifunza kwenda kutafuta mhuri bila kipimo, na hapo lawama itakuwa yenu kabla haijawa yao.

Kuhusu vitabu sitasema mengi. Madesa yanayouzwa na kurudufiwa mitaani yana faida na yana hatari. Mengine ni ya zamani kiasi kwamba bado yanafundisha kuwa msimamizi wa chakula ni TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilhali tangu mwaka 2019 kazi hiyo ilihamishiwa TBS na mamlaka ile ya awali ikabaki na dawa na vifaatiba. Tazameni mwaka wa chapa kabla ya kutoa fedha.

La muhimu zaidi kuliko kitabu ni namna ya kukisoma. Wale waliobuni utaratibu wa kudhibiti hatari za chakula, unaofuatwa leo na viwanda vya dunia nzima, waliufanya katika miaka ya 1960 kwa ajili ya chakula cha wasafiri wa anga wa Marekani, kampuni ya Pillsbury ikishirikiana na NASA. Na walichokitambua mapema ni kwamba ukitaka uthibitisho kwa kupima chakula kilichokwisha kutengenezwa, itakubidi uharibu sehemu kubwa ya chakula chenyewe katika kupima. Wakaacha kungojea mwisho, wakatafuta zile hatua za njiani ambazo zikiharibika kila kitu kimeharibika, wakazilinda hizo. Nawashauri mlifuate wazo hilo mnaposoma. Mtu achukue chakula kimoja anachokiuza kila siku, samaki wa Ziwa Rukwa kwa mfano, amfuate tangu anaponunuliwa hadi sahani inapooshwa, na kila hatua ajiulize: hapa kitu gani kinaweza kuingia, kitu gani kinaweza kukua, na mimi hufanya nini hasa? Aandike anachofanya, si anachopaswa kufanya. Kisu kilichompasua samaki mbichi ndicho kilichokata nyanya? Aandike. Kitambaa cha kufutia meza ndicho kilichofuta sahani? Aandike hivyo hivyo. Karatasi hiyo itamwaibisha, na hapana haja ya kumwonyesha mtu. Lakini atakapoilinganisha na kitabu ataona mara moja ni mahali gani anapaswa kubadilika, na yale aliyoyabadilisha kwa mikono yake hayatamtoka kichwani siku ya mtihani, hata akishikwa na hofu.

Nina neno la mwisho, nalo si kwa watahiniwa bali kwa watahini. Mkiuliza nambari tupu, mtapata wakariri. Mkiuliza ya jokofu kwa mtu asiye na jokofu, mtapata jibu la uongo na kulipatia alama kamili. VETA imekwisha kuonyesha, katika kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, wakiwamo wapishi, kwamba mtu anaweza kupimwa kwa kazi anayoifanya. Basi na mtihani huu wa usalama wa chakula uletwe magengeni. Mtahini aje Kamsamba siku ya gulio, akute wali umekwisha kuepuliwa, akae benchini kama mteja. Arudi alasiri aulize uliobaki uko wapi, na kwa nini. Aombe kunawa mikono, aone ndoo iko wapi. Kisha ndipo atoe karatasi yake ya maswali. Nawasihi viongozi wa wilaya mliohudhuria mlifikishe ombi hili kwa wanaohusika kabla ya msimu ujao wa mafunzo.